Binti yangu analala pembeni mwa cherehani tu, kitanda chake hakitaki

Mama Kichanga (Fuoni)

Assalaam alaykum wazazi wenzangu.

Nina binti wa miezi miwili na kitu, wa mwanzo. Alhamdulillahi mzima, ananyonya vizuri, na kliniki wanasema uzito unapanda. Kulala analala, tena fofofo, ila pahala pa kulala kajichagulia mwenyewe: chini ukumbini, juu ya mkeka, ubavuni mwa cherehani ya mama mkwe. Pengine popote hataki.

Tunakaa kwa mama mkwe. Yeye ni mshoni wa siku nyingi, sare za skuli na mabuibui, na cherehani yake ni ile nyeusi ya kupiga kwa miguu. Kaiweka karibu na mlango wa uani kwa sababu hapo ndipo upepo unapokatisha. Arobaini yangu yote niliimaliza ukumbini hapo hapo, mie nimejilaza, yeye anashona, mtoto yuko mkekani baina yetu. Sasa ndio imekuwa ada. Anawekwa akiwa macho kabisa, analikodolea lile gurudumu linavyozunguka, cherehani inatatarika, mara kope zinashuka. Hakuna aliyembembeleza. Bibi yake akinyanyuka kwenda kusali au kumpima mteja, haupiti muda, mwenyewe anafumbua macho.

Na kitanda anacho, tena si cha kuonea haya. Shemeji yangu yuko Maskati, alikinunua kwa watu waliokuwa wanahama akakitia kwenye kontena pamoja na vitu vyake. Cheupe, cha mbao, kina vijiti pande zote, ubavu mmoja unashuka na kupanda. Godoro jipya, bado lina nailoni yake ili lisichafuke. Kina na vimito vya kuzungushia ndani. Kila anayekuja kumuona mtoto anapelekwa kwanza akakione kitanda. Shemeji akipiga simu ya video anataka amuone mtoto ndani yake, basi tunamtia, anapiga ukelele, tunamtoa, tunaaga.

Shida yenyewe ni usiku. Bibi kalala, cherehani imefunikwa kitambaa. Namnyonyesha, analalia mkononi, natembea naye mpaka namuona kazama. Nikimteremsha kitandani, mgongo haujatua vizuri, anafungua mikono miwili kama anayeanguka kutoka mnazini, halafu kilio. Tunaanza upya. Mwisho nachoka, nakaa naye kwenye kochi, yeye kifuani, mpaka mume wangu anaporudi msikitini alfajiri akanipokea. Hapo kochini angalau na mie huwa nasinzia.

Ushauri ninao mwingi mpaka umekuwa mzigo. Mama mkwe anasema niache, mtoto kashachagua. Mama yangu, yuko Makunduchi, anasema nimlaze kifudifudi kama tulivyolazwa sisi. Wifi anasema nimtie kitandani nifunge mlango, alie mpaka azoee. Jirani kanishauri nimkwangulie kungumanga kidogo kwenye maziwa niliyokamua. Mume wangu hana neno, ananiangalia tu.

Je, nimemzoesha vibaya? Na kitanda hiki nikifanyeje?

---

Shoga wa Mkunazini

Pole shoga yangu, nimecheka lakini si kwa ubaya.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa wakati ule wa giza, mwishoni mwa 2009. Mnaokumbuka mnakumbuka: waya wa baharini uliharibika Disemba, Unguja nzima ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Huku mjini kila duka lililojiweza liliwasha jenereta lake mlangoni. Chini ya dirisha letu lilikuwepo moja likiunguruma mpaka usiku mkubwa. Mie nalilaani, moshi wake, kelele zake, kumbe mtoto ndiyo nyimbo yake. Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia, majenereta yakazimwa, na mwanangu akaacha kulala. Sikutanii. Mume wangu alikuwa anampakata juu ya vespa ya kaka yake ikiwa imesimama, anaiwasha tu uani inguruma.

Kwa hiyo jaribu kuirikodi hiyo cherehani kwenye simu umpigie usiku. Na hilo la kifudifudi msikilize mama yako. Wangu wote nimewalaza hivyo na wako wazima, mmoja sasa ananizidi urefu.

---

Fundi Seremala (Mwera)

Dada, mie si mzazi mwenye hekima nyingi, ila vitanda navijua, na hicho chako kuna jambo limenitia wasiwasi. Umesema ubavu mmoja unashuka na kupanda.

Vitanda vya aina hiyo Marekani walipiga marufuku kuviuza na kuviunda tangu 2011. Mbao zake si mbaya. Tatizo ni vile vishikizo vya plastiki na skrubu za ubavu unaoshuka: kikishatumika, kikafunguliwa, kikasafirishwa, kikafungwa tena na mtu asiye na karatasi ya maelekezo, vinalegea. Ubavu unaachana upande mmoja, panatokea mwanya, na mtoto anateleza ndani ya mwanya. Chako kimepitia yote hayo, nyumba ya kwanza, kontena, bandari, mpaka Fuoni. Kiangalie leo. Shika ubavu uutikise kwa nguvu. Ukisikia unacheza, mtoto asilale humo mpaka ukazwe kwa skrubu za chuma usiteremke tena daima. Ni kazi ndogo. Lakini ukikuta kipande kimevunjika au hakipo, usipoteze fedha, kitafutie kazi nyengine, kiwekee nguo.

Vijiti: mwanya baina ya kijiti na kijiti usizidi sentimita 6. Chukua kopo la soda, ukiweza kulipitisha, ni pana mno. Godoro lijae kitanda. Vidole viwili vikiingia pembeni, ni dogo. Na hivyo vimito vya kuzungushia vitoe. Najua vinapendeza, wateja wangu wananiomba nivitafutie fundi wa kuvishona, nawakatalia. Huko Marekani vile vinono walivipiga marufuku kwa sheria ya 2022 kwa sababu mtoto anaegemeza pua pale akakosa pumzi. Mbali ya hivyo vinazuia upepo, na nyumba zetu hizi za mabati mwezi wa Januari unazijua.

---

Mkunga Mstaafu (Wete)

Waalaykum salaam mwanangu. Na wewe wa Mkunazini, nakusalimu kabla sijakugombeza.

Nimefanya ukunga Pemba mpaka nimestaafu, Wete na vituo vya shamba, na sasa nalea wajukuu. Nimeisoma habari yako, nikarudi nikaisoma tena, maana kuna neno umelitaja mwishoni ukalipita kwa haraka. Kochi. Cherehani hainishughulishi hata chembe. Kochi limeninyima raha.

Mtu mzima akisinzia na kichanga kwenye kochi, mikono inalegea asijue. Mtoto anateremka, anaingia baina ya mwili wako na mto wa kochi, au uso wake unazama kifuani, na shingo ya miezi miwili haina nguvu ya kujinasua. Halii, kwa sababu hana pumzi ya kulilia. Katika mahala pote ambapo watu hupitiwa na usingizi na watoto, kochi na kiti cha mikono ndivyo vibaya kuliko vyote, vimezidi hata kitanda cha wakubwa. Basi jambo la usiku wa leo, kabla ya kitanda cha Maskati na kabla ya lolote: kochini usikae naye ukiwa unajua utasinzia.

Utaniuliza nikae wapi, na usingizi ni haki yako. Mpe baba yake zamu. Huyo anayekuangalia tu, mikono anayo. Achukue saa za mwanzo za usiku, akuletee mtoto ukimnyonyesha, amchukue tena. Na ukijiona unazidiwa, afadhali mlalie kwenye godoro lenu, tena literemsheni chini, gumu, lisigusane na ukuta, bila mto karibu yake, bila kanga zilizorundikwa, mtoto chali pembeni yako na si baina yenu wawili. Hilo nalisema kwa masharti: asiwepo mvuta sigara, usiwe umekunywa dawa ya kusinzisha, na mtoto asiwe alizaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Salama zaidi ni alale chake peke yake, chumbani mwenu, pahala unapoweza kunyoosha mkono ukamgusa. Madaktari wa watoto wa Marekani katika mwongozo wao wa 2022 wamesema akae chumba kimoja na wazee wake kwa miezi 6 kwa uchache. Sie hilo hatukuhitaji kuambiwa; nani ana chumba cha kumpa mtoto?

Kifudifudi. Mama yako wa Makunduchi asilaumiwe, na huyu wa Mkunazini pia simlaumu kwa aliyofundishwa. Hata mahospitali ya Ulaya yalikuwa yakifundisha hivyo. Halafu ikaja kuonekana kwamba watoto wanaokutwa wamekufa usingizini bila ugonjwa, wengi ni waliolazwa kifudifudi. Uingereza wakaanza kuwatangazia wazazi 1991 wawalaze chali, Marekani 1994, na vifo vya namna hiyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Watoto wako kukua salama ni rehema ya Mungu, shoga, lakini usimpe mwenzio iwe dawa. Chali, usiku na mchana. Kifudifudi ni wakati yuko macho na nyinyi mnamtazama, hapo mkekani ndipo penyewe, inamtia nguvu shingo.

Kungumanga, hapana. Kungumanga mahala pake ni kwenye haluwa. Ina sumu, na kipimo ambacho mtu mzima hakijui mwilini mwake, kwa kichanga ni kikubwa. Moyo unakwenda mbio, anatapika, anazubaa. Huyo mnayemwona kalala, kalewa. Sirapu za mafua nazo msimpe kwa ajili ya usingizi, na asali asiionje mpaka atimize mwaka. Mpaka miezi 6 ni maziwa yako tu, hata maji hayahitaji.

Na wifi yako mwambie kwa upole: mtoto wa miezi miwili hajui ada, anajua njaa, joto na kutengwa. Bado anahitaji kunyonya usiku. Kumfungia mlango kutamfundisha nini?

Sasa nije kwenye hicho kitanda. Umesema kitu cha maana sana na nadhani hukukisikia ulipokuwa unakisema: mkekani anawekwa akiwa macho. Analala mwenyewe, pale pale, na akizindukana kidogo anakuta kila kitu kiko kama alivyokiacha. Mkeka ule ule, upepo ule ule, mngurumo ule ule. Kitandani hajawahi hata siku moja kulala mwenyewe. Analala mikononi mwako, kisha anahamishwa. Kwa hiyo tofauti kubwa siyo mbao na ukili. Pale hahamishwi, huku anahamishwa.

Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walilipima jambo hili, wakalitangaza 2022. Waliwawekea vichanga 21 vipimo vya mapigo ya moyo wakati mama zao wanawabeba na kuwalaza. Wengi tunadhani mtoto anaamshwa na ubaridi wa shuka. Wao wakaona moyo wa mtoto unaanza kushtuka mapema, pale mwili wake unapobanduka kutoka kwa mama, mgongo haujafika kwenye godoro. Ndiyo ukelele wako huo. Walichoshauri ni chepesi: anayelia, tembea naye dakika 5 mwendo wa sawasawa bila kusimama simama, akishalala usikimbilie kumlaza, kaa naye dakika 5 mpaka 8, ndipo umteremshe. Wakati huo usingizi unakuwa umeshashuka. Mie hutazama mkono wake: ukiuinua ukauachia ukaanguka wenyewe, kazama. Ngumi ikiwa bado imekazwa, subiri.

Ile kufungua mikono kama anayeanguka ni maumbile, wachanga wote wanayo, inaondoka yenyewe kiasi cha miezi 4 mpaka 6. Mteremshe karibu na mwili wako, inama naye, matako yatangulie, kichwa mwisho, kisha kiganja chako kibaki kifuani kwake kidogo.

Lakini mie ningekuwa wewe ningepita njia nyengine kabisa. Nisingemhamisha mtoto kwenda kitandani. Ningekihamishia kitanda, fundi akishakikagua, ukumbini kwa bibi yake.

Vua hiyo nailoni kwanza. Wewe lala juu ya nailoni mchana mmoja wa kaskazi uniambie. Mkeka wa ukili unapitisha hewa, mgongo wa mtoto haujai jasho, pengine nusu ya ugomvi ni hapo. Kisha chukua kanga uliyojifunga siku nzima, usiifue, itandike juu ya godoro uikaze kwa nguvu na uichomeke chini pande zote isilegee hata pembe moja. Itakuwa shuka, ina harufu yako. Kanga iliyolegea ndani ya kitanda cha mtoto siitaki, ya kumfunika wala ya kuchezea. Siku za mwanzo weka godoro peke yake chini pale penye mkeka, bibi aendelee kushona, mtoto awekwe macho. Akilizoea godoro, liingizwe kitandani, na kitanda kikae pale pale karibu na cherehani. Hapo atakuwa anakijua. Ndipo mtakapokipeleka chumbani usiku, pamoja na hiyo sauti iliyorikodiwa. Simu iwe mbali na kichwa chake, sauti ya chini, mtu aweze kuzungumza juu yake bila ya kupaza.

Na tena mkekani kwa mshoni mie nisingemwacha muda mrefu hata kama analala vizuri. Pini, sindano, vipande vya uzi, na watoto wa nyumba wanaokimbia na mpira. Atakapoanza kushika vitu ndio kabisa.

Umeuliza kama umemzoesha vibaya. Nilipokuwa shamba, msimu wa karafuu, wanawake hukaa juu ya jamvi wanachambua, karafuu huku na makonyo kule, na maneno yao na vicheko, redio inapiga, vichanga vimelala pembeni wala haviguni. Mama hao hao usiku wanakuja wananigongea: nesi, mtoto halali. Nyumbani kimya, giza, mabanda ya joto. Mtoto tumboni hajawahi kusikia kimya, damu ya mama inavuma saa zote. Binti yako kapata pahala penye upepo, penye mvumo na penye watu wake wawili. Nani asingelala?

---

Baba wa Mapacha (Chake)

Bi mkubwa kasema, sina la kuzidisha juu ya hayo. Nina swali tu, samahani mwenye mada.

Mke wangu huwafungia pembea ya kanga kwenye miguu ya kitanda kikubwa, kama tulivyofungiwa sie wenyewe. Wanalala haraka. Mmoja tukimtoa haamki, wa pili ukimgusa tu basi. Je, tumwache humo humo usiku?

Na kwa mama wa Fuoni: mie zamu yangu ni kuanzia isha mpaka saa sita usiku. Natembea nao ukumbini, mmoja mmoja, nasoma juzuu amma kwa sauti ya chini. Hapo mwanzo nilikuwa nasoma kwa ajili yao, sasa naona nimehifadhi sura nilizokuwa nimezisahau tangu chuoni. Mwambie mumeo.

---

Mama Kichanga (Fuoni)

Shikamoo bibi. Na kaka fundi, ahsante sana.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka nifanye kwanza. Hilo la kochi lilinitoa jasho, nikampa mume wangu simu asome mwenyewe, sikumwambia kitu. Usiku ule ule alisema nenda kalale, nitakuletea akitaka kunyonya. Halafu asubuhi akaniuliza kwa nini sikumwambia kuwa ni kazi.

Kitanda: ubavu ulikuwa unacheza. Kishikizo cha chini kimoja kimepasuka kabisa, ukikitazama kwa juu huoni. Tumempigia shemeji, kanyamaza kidogo, akasema basi. Kopo la soda halikupita, vijiti vizuri. Kwa hiyo kwa sasa kitanda kimesimama chumbani kinamngoja fundi, na vimito keshavichukua mama mkwe, anasema atavitilia mikono ya kushikia vyungu.

Godoro nimelivua nailoni. Chini yake mlikuwa na unyevu, wallahi, na mtoto tulikuwa tunamtia humo kwa ajili ya picha tu. Nimelikaza kanga na kuliweka pale pahala pa mkeka, mama mkwe kasogeza kapu lake la pini juu ya kabati. Alilala. Alikodoa macho kidogo, akageuza shingo kulitafuta gurudumu, akaliona, akalala.

Usiku bado si usiku wa kusimulia. Tunaliweka godoro sakafuni chumbani, pembeni ya letu ambalo nalo tumeliteremsha, na ile sauti ya cherehani. Nakaa naye mpaka mkono uanguke. Mara nyengine anakubali kipande kizuri, baada ya kunyonya alfajiri hakubali kabisa na hapo anamalizia mikononi kwa baba yake. Umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, ukiisha feni likazima, tunaamka sote. Lakini kochini sikai tena.

Maswali mawili yamebaki. Chandarua: godoro likiwa chini namtiaje? Chetu kimefungwa juu ya kitanda cha zamani. Na mama yangu kaniambia nimfunge kanga mikono asishtuke. Nimfunge?

---

Fundi Seremala (Mwera)

Chandarua piga misumari minne ya ndoano kwenye dari, pana kuliko magodoro yote mawili, kishuke mpaka sakafuni na ukichomeke chini ya magodoro pande zote. Kisining'inie ndani kikamfikia usoni. Moja kubwa linawatosha nyote watatu.

Kitanda, kwa kuwa kishikizo kimepasuka kabisa, neno langu ni lile lile: usipoteze fedha, mtoto asilale humo, kiwekee nguo.

---

Mkunga Mstaafu (Wete)

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema.

Kumfunga unaweza, kwa kanga moja nyepesi na nguo chini yake isiwepo zaidi ya nepi, kwa joto hili. Kifuani viingie vidole vyako viwili au vitatu, na miguu iwe huru aweze kuikunja na kuitanua kama chura. Ukiibana iliyonyooka nyonga zinaharibika. Aliyefungwa ni chali tu. Na siku utakayomuona anajaribu kujigeuza, hata nusu, unaacha kumfunga siku hiyo hiyo, maana akipinduka na mikono imefungwa hana cha kujiinulia. Wengine huanza mapema, miezi mitatu kwenda minne, kwa hiyo anza kumtazama.

Baba wa Mapacha, pembea ya kanga ni ya mchana, na mtu macho yupo. Kanga inamkunja mtoto, kidevu kinaangukia kifuani, na koo lake jembamba linabanwa. Akishalala mtoe, mlaze sawasawa. Huyo anayeamka ukimgusa, mngoje zile dakika. Na mapacha kila mmoja na pahala pake, msiwalaze pamoja.